Kiwavi

Ndoo yake ilikuwa ya rangi, ya ule mwaka tulipopaka kanisa,
na ndani hamna kitu bado, ila kitambaa chenye unyevu.
Alisimama mbele ya mashine yangu alfajiri, saa kumi na moja na nusu,
mahali ambapo sheria inasema asisimame mtu.
"Kapya," akasema, "nipe muda."

Ndiyo ilikuwa salamu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshapita,
na mitondo iliyozunguka kichuguu kikubwa
ilikuwa imejaa. Asiyejua angeona majani tu.
Mimi najua. Nilibebwa mgongoni humu
kabla pahali hapa hapajapewa namba,
kabla barabara ya Kipushi haijaota malori,
nikafundishwa kunyamaza mpaka niwasikie:
vinkubala, viwavi wetu, wakila juu,
na mavi yao yakidondoka kwenye majani makavu
kama mvua inayosita.

Nina kofia ya njano, namba kumi na nne.
Nina mkataba wa lugha mbili, zote mbili si yangu.
Mshahara huo umeezeka bati juu ya kichwa cha mama huyu huyu,
umemweka Mwaba darasa la tano, Lubumbashi mjini,
na viatu, na soksi. Sisemi haya ili mnisamehe.
Nayasema kwa sababu bati huwa halitajwi
watu wanapoulilia msitu.

Mwezi wa saba walikuja kuhesabu.
Kijana mmoja, kalamu tatu mfukoni.
Mwembe, dola kadhaa. Mpapai, nusu yake.
Mama akamshika mkono, akamwonyesha mitondo, misuku, mipundu,
akamwonyesha mti wa nyuki wa marehemu Chibwe.
Kijana akasema: hii haikupandwa na mtu.
Mama akasema: ndiyo maana ni mingi.
Hakuandika.

Siku nyingine mhandisi aliniambia,
tukila mkate kwenye kivuli cha mashine,
kwamba katapila, huko neno lilikotoka,
ni kiwavi tu. Kiwavi!
Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.
Usiku sikucheka.
Kiwavi wa mama hula jani, mti akauacha.
Akishiba hushuka, hujizika mwenyewe, hungoja mwaka.
Wangu hagusi jani. Huanza na mti,
na sijawahi kumwona ameshiba.

Basi asubuhi ile nilimpa muda.
Dakika arobaini, mpaka vumbi la gari la kapita lionekane.
Alichuma kwa mikono miwili, bila kuvunja tawi,
"maana ukivunja tawi, mwakani utakula nini,"
alisema kwa mazoea, kisha akanyamaza
kwa kuwa alikumbuka
mtu anayemwambia amekalia nini.

Nikawasha.
Mtondo hauanguki kama mti wa kupandwa. Hushikilia.
Mizizi ilitoa mlio wa nguo mpya inayochanwa,
kisha kimya, kisha ndege, kisha mwingine.
Kapita akanionyesha dole gumba.

Jioni tulikula, na bukari, na chumvi nyingi.
Walikuwa watamu.
Nilitaka sana wasiwe watamu.
Mama alikuwa amebakiza kumi na tisa ndani ya kopo la maziwa,
hai, pamoja na majani yao,
na kabla ya kulala akasema, njoo na simu yako.
Tukavuka mtaro, tukapita chini ya uzio,
mpaka mtondo mmoja uliosimama peke yake
kati ya vigingi vyekundu.
Akawapandisha mmoja mmoja kwenye gome,
akiwahesabu kwa Kilamba, kama watoto wanaoingia darasani.

Sikumwambia vigingi vyekundu ni vya nini,
wala ni vya siku gani.
Nilimshikia tochi.